Hamira ya Misonobari

Jumatatu, 3 Machi

Kipima mvua: milimita kumi na nne.

Mvua zimeingia kweli. Nimeamua msimu huu nisiandike milimita peke yake. Mwaka jana niliandika milimita tu, na matuta mawili yalipooza Meneja akaniuliza yalianza lini, nikabaki kukodoa macho kama mtoto aliyeulizwa hesabu ubaoni. Safari hii kila kitu kitaandikwa, kiwe cha maana au cha kipuuzi.

Basi, kitalu kina matuta kumi na mawili, kila tuta lina viriba elfu mbili vya plastiki, na kila kiriba kina mche mmoja wa msonobari wenye urefu wa kidole. Msimamizi ni mimi. Vibarua wananiita Bwana Rula kwa sababu napima miche kwa rula, nao wanadhani sijui. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na nataka niondoke na jina safi. Miche hii inasubiriwa na shamba la miti la mlimani kwa mvua zijazo.

Anayechanganya udongo ni Shemeji, dada mkubwa wa mke wangu. Alikuwapo kitaluni kabla yangu, na kama si yeye nisingemjua mke wangu. Mama yao alifariki mke wangu akiwa na miaka mitatu. Shemeji akaacha shule, akamlea. Kazini ana utaratibu wake: kabla ya kujaza viriba anasukuma toroli hadi kwenye misonobari mikongwe nyuma ya kiwanda cha mbao, anachota udongo ulio chini ya majani makavu, kisha anatia karai moja la udongo huo kwa kila makarai kumi ya wetu. Anauita hamira. Nimemwuliza miaka yote hamira hiyo inaumua nini. Jibu lake ni hilohilo: "Mche, Shemeji. Wewe pima tu."

Mimi binafsi sipendi taka za msituni ziletwe kwenye kitalu kilichofagiliwa. Lakini ni dada wa mke wangu, nami napenda kula chakula changu kwa amani.

Alhamisi, 6 Machi

Milimita ishirini na mbili. Hakuna jipya. Mke wangu anasema kiatu changu cha kushoto kinanuka. Nimenusa vyote viwili, sioni tofauti.

Jumamosi, 8 Machi

Milimita thelathini na moja.

Leo nimechana kiriba kimoja cha tuta la tatu nione mizizi inaendaje. Udongo umejaa nyuzi nyeupe, nyembamba kama za buibui, zimeizonga mizizi yote, na harufu yake ni ya ghala lililofungwa mwaka mzima. Mwaka jana miche ilioza shingo ikalala chini kama nyasi zilizokanyagwa, na mimi kwa papara nikatia dawa kwa kukisia, nikaimalizia. Meneja alinipa barua ya onyo. Imeandikwa wazi: dawa ya ukungu isitiwe tena bila kibali cha mtaalamu wa udongo. Na mtaalamu huyo ukimwita leo anafika baada ya wiki mbili.

Nilimwonyesha Shemeji kiriba. Alikigeuzageuza, akatabasamu kama aliyekutana na jirani yake sokoni. "Hiyo ndiyo hamira yenyewe," akasema. "Ukiiona hiyo, Shemeji, nenda kalale."

Mimi mtu akiniambia nikalale ndipo usingizi unaponiruka.

Jumapili, 9 Machi

Milimita tano tu.

Leo vibarua hawaji. Nimemwambia mke wangu nimesahau miwani stoo. Nilifungua kabati, nikatoa dawa iliyobaki mwaka jana, nikaikoroga kipimo mara mbili ili nisirudie, nikavaa bomba mgongoni na kuloweka tuta moja baada ya jingine. Dawa iliishia mwisho wa tuta la kumi. La kumi na moja na la kumi na mbili yamebaki hivyohivyo. Chupa tupu nimeitumbukiza chooni.

Sijamwambia mtu. Si kwamba naficha. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Milimita kumi na nane. Nimechana viriba vitatu, vya matuta ya pili, ya sita na ya tisa. Nyuzi nyeupe hazipo tena. Mizizi ni misafi kama vijiti vya meno. Nimejinunulia soda.

Jumatano, 26 Machi

Milimita ishirini na saba. Shemeji anasema kila mwaka mvua zikikolea uyoga mdogo wa kahawia huchomoza kati ya viriba, na mwaka huu hauonekani ila kwenye matuta mawili ya mwisho. Aliniuliza kama naona ajabu. Nikavaa miwani ya mbao, nikamwambia uyoga si zao letu.

Jumatano, 2 Aprili

Milimita kumi na tisa. Tuta la kwanza limeanza kuwa manjano. Labda maji yamezidi. Nimesimamisha umwagiliaji.

Jumamosi, 5 Aprili

Milimita arobaini, mvua kubwa kuliko zote. Manjano yamefika tuta la saba. Nimetia mbolea.

Jumanne, 8 Aprili

Milimita kumi na moja. Nimetia mbolea tena. Mfa maji haachi kutapatapa.

Ijumaa, 11 Aprili

Milimita ishirini.

Ncha za majani zimegeuka zambarau. Miche ya matuta kumi haijakua hata nusu sentimita tangu Machi, nimepima miche hamsini ya kila tuta mpaka mgongo umekataa kunyooka. Miche ya matuta mawili ya mwisho imefika kiganja, mibichi, imesimama kama wanafunzi wa mwalimu mkali. Kila nikipita pale naangalia upande mwingine.

Meneja alikuja saa nne, hakuketi. Akauliza ni nini hiki. Vibarua walikuwa wamesimama na keni zao za kumwagilia, Shemeji yuko kwenye rundo la udongo na chekeche mkononi. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba tatizo ni ule udongo wa porini, kwamba nilikuwa nimeutilia shaka siku nyingi, kwamba umeleta ugonjwa. Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Nilikuwa kweli nimeutilia shaka.

Meneja akauliza nani ameuleta. Sikutaja jina. Niligeuza tu kichwa upande wa rundo la udongo, na wote wakageuza vichwa pamoja nami.

Shemeji ameondolewa kwenye udongo. Kuanzia leo anafyeka majani kando ya uzio.

Jumapili, 13 Aprili

Sijapima mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Milimita tisa. Mke wangu aliuliza kama ni kweli dada yake anafyeka majani. Nikamwambia ni kwa muda. Akauliza amekosa nini. Nikamwambia mambo ya kazi yabaki kazini. Akanitazama kidogo, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 24 Aprili

Milimita kumi na sita. Leo nitaandika yote.

Mtaalamu wa udongo aliyeitwa na Meneja amefika. Nilitarajia mzee mwenye mvi, kumbe ni binti wa rika la watoto wangu, ana lenzi imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akapiga magoti kwenye tope bila kutafuta hata gunia. Alichukua mche mmoja wa tuta la nne na mmoja wa tuta la kumi na moja, akachana viriba, akasuuza mizizi kwenye ndoo polepole. Meneja yupo. Vibarua wamezunguka. Shemeji naye ameitwa kutoka kwenye uzio, ana majani kichwani.

Binti akanipa lenzi. Mzizi wa tuta la nne ulikuwa mwembamba, mrefu, mtupu. Mzizi wa tuta la kumi na moja ulikuwa umejaa vitawi vifupi vilivyogawanyika mbilimbili kama uma, na kila kitawi kimevikwa soksi nyeupe. Nyuzi zile zile zilitoka kwenye soksi zikaingia kwenye udongo pande zote. Nilizitambua. Ndizo nilizozikimbia.

Akatueleza kwa lugha ya kawaida, wala hakujikweza. Mzizi wa msonobari ni mfupi, haufiki mbali. Hizi nyuzi ni kuvu, lakini si kuvu wa kuozesha. Zinakwenda mahali mzizi hauwezi kwenda, zinaleta maji na chakula cha udongoni, na mti nao unazilipa sukari inayopikwa na majani. Hakuna anayemnyonya mwenzake. "Msonobari bila kuvu huyu," akasema, "umekaa mezani lakini hauna mikono." Kuvu huyo hayupo kwenye udongo wa kawaida, lazima aletwe kutoka chini ya misonobari mikubwa. Akauliza nani aliyejua kuleta udongo ule. Shemeji akainua mkono nusu, kama anayeogopa kupigwa. Binti akamwambia, "Mama, hongera. Kuna vitalu vikubwa havijui hili."

Kwa kitambo nilidhani mambo yataishia hapo, na kwamba Shemeji ametoka salama bila mimi kusema lolote. Nilianza hata kufurahi. Kisha binti akanigeukia.

"Mzee, matuta haya kumi yaliwahi kutiwa dawa ya ukungu?"

Nilikuwa na nafasi. Alikuwa ameniuliza kwa upole, macho yake hayakuwa na shutuma, na jibu lilikuwa neno moja. Nikaona barua ya onyo. Nikaona miaka miwili iliyobaki. Nikasema, "Hapana."

Akatikisa kichwa taratibu, akaandika kwenye karatasi yake. Akasema basi jibu ni moja tu: matuta mawili ya mwisho yalitiwa ule udongo wa misonobari, na haya kumi hayakutiwa. Aliyechanganya alichoka njiani.

"Nilitia yote," Shemeji akasema. "Kumi na mawili. Karai moja kwa makarai kumi."

"Mama, mizizi haina kitu."

"Nilitia yote, mwanangu."

Wiki mbili zilizopita nilimshitaki kwa kuutia udongo ule. Leo ameshitakiwa kwa kutoutia. Na mara zote mbili mshitaki ni mimi, mara ya kwanza kwa kichwa, mara ya pili kwa neno moja. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, alinitazama kama mtu anayetafuta shahidi, kwa sababu nani mwingine alimwona Januari akisukuma toroli ile siku nne mfululizo? Mimi nilimwona. Mimi ndiye niliyemcheka.

Nikainama kufunga kamba za kiatu. Nilivaa mabuti, hayana kamba.

Ijumaa, 25 Aprili

Milimita kumi na mbili. Meneja amemwambia Shemeji asije tena. Alirudisha chekeche, koleo na glavu, akavipanga stoo kila kimoja mahali pake. Aliponipita mlangoni alisema, "Haya, Shemeji," kama anavyosema kila siku. Nilipobaki peke yangu nilikaa juu ya gunia la mbolea na uso ukiniwaka. Naona aibu. Naandika hivyo kwa sababu sina pengine pa kusema.

Jumamosi, 3 Mei

Milimita nane.

Mke wangu alikwenda kwa dada yake asubuhi, na kila Jumamosi huenda, wanasukana nywele na kusengenya watu mpaka saa tisa. Leo alirudi kabla ya saa tano. Kumbe habari za kitaluni alikuwa amezisikia kwa mke wa dereva wetu wa kitaluni, kwamba dada yake alifanya uvivu kazini na mimi niko hatarini kwa ajili hiyo. Alikwenda kumwuliza. Dada yake akasema alitia matuta yote. Mke wangu akamjibu kwamba mtaalamu ameona kwa lenzi, hivyo anamwita nani mwongo, mtaalamu au mimi mume wake? Maneno yakazaa maneno.

"Nimemwambia yeye ni mvivu," mke wangu akasema, bado amesimama na mkoba mkononi. "Nimemwambia anataka kutuponza uzeeni. Nimemwambia asikanyage hapa. Nimekosea?"

Alitaka nimwambie amekosea, nina hakika na hilo sasa, alitaka nimrudishe mbio kule kwa dada yake kabla chai haijapoa. Mimi nikamwambia ahsante.

Neno hilo naliandika hapa ili siku moja nisije nikajidanganya kwamba sikulisema.

Jumanne, 6 Mei

Milimita mbili.

Jumamosi, 10 Mei

Hakuna mvua. Mke wangu hakwenda popote. Amefunga kitambaa kichwani tangu asubuhi, nywele zimefumuka upande mmoja. Nikamwambia aende saluni. Akasema saluni hawajui kichwa chake.

Ijumaa, 16 Mei

Milimita sita.

Mtaalamu ameandika maelekezo: tulete udongo wa misonobari, tuukoroge na maji, tumwagilie matuta yote kumi, huenda miche mingine ikapona. Vibarua wakaniuliza Shemeji aliuchota wapi hasa. Sikujua. Miaka ishirini na tisa anauleta, sijawahi kuuliza. Nikachukua toroli mwenyewe, nikaenda nyuma ya kiwanda cha mbao.

Nilitafuta karibu saa nzima. Nilidhani nitakuta shimo kubwa, mahali palipofukuliwa ovyo. Sikuona kitu mpaka nilipokanyaga pahali pakabonyea. Nikaondoa majani makavu kwa mkono. Kulikuwa na kishimo kidogo, upana wa karai, kimefukiwa vizuri na kufunikwa. Hatua chache mbele, chini ya mti mwingine, kingine. Kila mti amechota kidogo, upande ulio mbali na shina asije akakata mizizi, halafu akafunika kama anayemfunika mtoto shuka. Nilihesabu vishimo arobaini na nane, na vingine lazima sikuviona. Mvivu hachimbi vishimo arobaini na nane vidogo wakati kimoja kikubwa kinatosha kujaza toroli.

Nilijaza toroli yangu kwa kufuata alivyofanya yeye. Ilinichukua mpaka adhuhuri. Nililia kidogo, si sana, na nikajionea aibu hata kwa kulia, maana aliyestahili kulia alikuwa nyumbani kwake bila kazi.

Jumatano, 21 Mei

Hakuna mvua. Mke wangu alimwona dada yake dukani. Mmoja alitoka kabla mwingine hajaingia. Ameniambia hivyo huku ananiwekea sahani, kisha akasema hana njaa.

Jumatano, 28 Mei

Milimita tatu.

Nimekwenda kwa Meneja. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Jumapili. Nilipofika yalitawanyika, nikasema tu, "Niliyatia dawa matuta kumi. Machi. Sikuomba kibali, na nilidanganya." Akaacha kalamu.

Hakupiga kelele. Alifunga mlango, akaniambia ripoti imeshakwenda juu kwa wakubwa. Ndani yake imeandikwa uzembe wa kibarua. Nikisema leo, ripoti itarudi, na yeye ataulizwa ilikuwaje msimamizi mwenye barua ya onyo akaachiwa ufunguo wa kabati la dawa. "Huyo mama atapata kazi nyingine," akasema. "Jina lake halifiki huko juu. Lako na langu yanafika. Mzee, umeshasema, umetua mzigo. Nenda nyumbani."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikatoka pale nimefarijika. Nilifika hadi kwenye kipima mvua. Nikasimama pale nikijiambia nimetubu, nimesema ukweli, mkubwa ndiye aliyekataa. Nikawa naitazama namba ya milimita tatu bila kuiona. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeufunua kwa mtu mmoja tu ambaye alinipa nguo nyingine ya kujifunika.

Alhamisi, 29 Mei

Nimeandika barua, kurasa mbili, na nakala tatu: ya huko juu, ya mtaalamu wa udongo, ya Meneja. Nimeandika tarehe, kipimo, na tuta dawa ilipoishia. Nimezipeleka kwa mkono wangu ili nisibadili mawazo njiani.

Ijumaa, 30 Mei

Hakuna mvua.

Mtaalamu alipiga simu mapema. Hakunisema vibaya. Alisema tu kwamba anajuta kumwambia mama yule aliyomwambia, na akaomba nimfikishie hilo. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Meneja amenivua usimamizi. Kuanzia Jumatatu najaza viriba. Amemwita Shemeji arudi, akakusanya watu wote kwenye kibanda cha udongo, akaniambia niseme mwenyewe. Nikasema. Nilitaja ile Jumapili, nikataja dawa, nikataja swali nililoulizwa na jibu nililotoa. Kibarua mmoja wa kike akasema "Bwana Rula!" kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza nikasikia jina hilo likisemwa kwa huruma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Meneja akamwuliza Shemeji kama ana neno. Alikuwa amejifunga leso kiunoni tayari kwa kazi. Akauliza kama matuta kumi yamenyweshwa maji ya hamira wiki hii. Wakamwambia mara moja tu. Akasema haitoshi kwa jua hili. Basi, watu wakatawanyika.

Nilimfuata mpaka kwenye rundo la udongo. Nikamwambia nisamehe, Shemeji. Aliendelea kuchekecha.

"Mdogo wangu anajua?" akauliza.

"Bado."

"Basi kwangu bado hujasema kitu."

Jumamosi, 31 Mei

Nimemwambia mke wangu, asubuhi, baada ya chai. Nilidhani ninajua atakavyofanya. Nilijiandaa kutukanwa, nilijiandaa hata kuona begi likitolewa uvunguni. Nilimweleza yote mpaka lile neno ahsante.

Alisikiliza hadi mwisho. Akavua kile kitambaa cha kichwani, akakikunja mapajani, akakikunjua.

"Wewe umeshasema," akasema. "Umesema kwa Meneja, umesema kwa vibarua, umesema kwangu. Umepumua, nakuona. Lakini mvivu nimemwita mimi. Alinibeba mgongoni akiwa na miaka kumi na mitatu, na mimi nimesimama mlangoni kwake nikamwita mvivu. Maneno yalikuwa yako. Mdomo ulikuwa wangu. Sasa niambie, mimi ninakwenda kusema nini?"

Nikamwambia aseme nilimdanganya. Nikamwambia aniwekee mimi mzigo wote, ni haki yangu. Nilimsihi. Akainuka. Alishinda chumbani, nami nikashinda ukumbini, na kati yetu mlango ulikuwa wazi.

Jumapili, 1 Juni

Hakuna mvua. Nadhani msimu umekwisha.

Leo mke wangu alivaa, akatoka, nami nikamfuata. Hakuniita wala hakunikataza. Tulikwenda hivyo, yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi, hadi kwa dada yake. Vidato vitatu, mlango wa bluu. Akabisha hodi. Mimi nilibaki chini ya vidato.

Shemeji alifungua, mikono ina povu la sabuni. Wakatazamana. Hawakuwa wameonana uso kwa uso kwa wiki nne.

"Uliniita mvivu," Shemeji akasema.

Nilisubiri. Nilikuwa tayari, hata nimevuta pumzi, nikisikia jina langu linakuja. Mke wangu alikuwa na kila sababu. Angesema tu, huyu hapa nyuma yangu ndiye aliyenidanganya, na hakuna mtu duniani angemlaumu.

"Nilikuita mimi, dada," mke wangu akasema.

Akaishia hapo. Hakuongeza neno, hakugeuka hata kunionyesha kwa kidole. Mimi nilihitaji miezi mitatu, kipimo mara mbili cha dawa na jina la mtu mwingine ili nifike mahali yeye alipofika kwa pumzi moja.

Shemeji akafuta mikono kwenye nguo yake. Akamshika mdogo wake kiwiko, akamwingiza ndani. Kisha akanitazama mimi chini ya vidato.

"Wewe rudi, Shemeji," akasema. "Siku ya kuingia wewe tutakwambia."

Akafunga mlango, si kwa nguvu. Nilisimama pale kidogo. Ndani nilisikia mke wangu akilia, na dada yake akisema kitu ambacho sikukisikia, na sikustahili kukisikia. Nikarudi nyumbani peke yangu.